Mabao Matano ya Kushoto

Basti Nau, Jalandhar
28 Novemba 1974

Mdogo wangu Tilak,

Salamu. Mama hajambo, kikohozi cha baridi kimemwanza lakini anakula. Mimi sijambo, ni vidole tu vinavyopasuka kama kila mwaka. Na wewe hujambo? Nauliza kwa sababu zimepita siku kumi na moja tangu uondoke, na kutoka Delhi mpaka hapa ni kilomita mia tatu na themanini, si mwezini.

Habari zako nazipata kwa redio ya Mzee Melu Ram. Jumatatu nilikaa kwenye benchi lake la chai na wanaume kumi na wanane, mwanamke peke yangu, mpira magotini nashona, nikasikia mmeshinda mbili kwa moja. Mzee akapiga birika kwa kijiko. "Lajwanti," akasema, "huyo ndugu yako akiifikisha timu nusu fainali, chai yako bure mwaka mzima." Nikamwambia aiandike. Hakuiandika.

Usisahau kilichokupeleka huko. Bwana Chadha, mkubwa wenu, alisimama katika uwanja wa ofisi yenu ya mifereji, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, nami nikiwamo, akasema: mkifika nusu fainali ya Kombe la Durand, wachezaji kumi na moja wanapewa ajira ya kudumu. Umekuwa kibarua miaka mitatu na miezi minne. Mimi nimekalia kigoda hiki cha kushonea mipira tangu nina miaka kumi na mitano, baba alipofariki, ili wewe usikikalie. Mpira mmoja una vipande thelathini na viwili, na kingo tisini za kuunganisha. Piga hesabu ya miaka kumi na tisa. Sisemi ili unishukuru. Nasema ili ulale mapema.

Mkandarasi anadai mipira arobaini ya kombe la mwaka huu imetoka mtaa wetu. Kama ni kweli, sita ni yangu. Ukiupata mmoja, hesabu kipande cha tatu kutoka kwenye valvu, upapase: fundo langu la kufungia liko hapo kwa ndani, kama punje ya dengu. Wenzangu wote hufungia kwenye valvu, ndiyo maana mipira yao huachia.

Mama ametuma pinni ishirini na nne, matonge yake matamu ya unga na samli safi. Ni zako, si za timu.

Dada yako,
Lajwanti


Delhi
4 Desemba

Dada Lajo,

Nainama miguuni pako na pa Mama. Mimi mzima, nakula, nalala. Kikohozi cha Mama mpe tangawizi na sukari guru, usimwachie achague mwenyewe.

Pinni zilikuwa ishirini na nne nilipofungua mfuko. Nilipoufunga zilikuwa tano. Tunalala watu kumi na sita katika darasa moja la shule, karibu na Lango la Delhi, na harufu ya samli haina adabu. Aliyekula nyingi ni Gurmit wa Mahilpur, kipa wa akiba. "Kula na wewe, Tilak," ananiambia. "Kula sana. Ukinenepa ukashindwa kuruka, mimi nipo."

Nikwambie jambo moja: usitume telegramu, hata iweje. Mwalimu Sodhi ana mfuko wa ndani wa koti ambamo telegramu zetu zote hukaa mpaka mechi iishe. Miaka miwili iliyopita, asubuhi ya mechi, wachezaji wake watatu waliletewa telegramu: "Mama mahututi, njoo." Wakapanda treni, wakawakuta mama zao wamekaa wanachambua mchele. Kumbe ni wapinzani waliozituma. Gurmit anasema mfuko ule sasa una mama wanne wanaokata roho na harusi moja.

Jumapili tulitoka mbili kwa mbili. Usiwasikilize watangazaji. Yale mabao ni jua. Saa tisa na nusu linashuka nyuma ya jukwaa, linakuingia machoni, huoni kitu.

Mdogo wako,
Tilak


Basti Nau
9 Desemba

Tilak,

Hatujambo. Tangawizi ameikataa, ameomba sukari guru peke yake.

Mmeshinda tatu kwa mbili, mmeingia robo fainali, mtaa mzima umefurahi. Mimi sikufurahi. Nilikuwa na kipande cha chaki, nimekuwa nikiandika ukutani kwa Mzee Melu kila bao unalofungwa. Mechi tatu, mabao matano. Mtangazaji huwa anasema limepita wapi, basi nami naandika. La kwanza: kushoto kwa kipa. La pili: kushoto. La tatu, la nne, la tano: kushoto.

Ukaniambia jua. Nikamwuliza Mzee Melu, aliyeishi Delhi miaka sita, uwanja ule umekaaje. Kipindi cha kwanza mmekuwa mkilinda goli ambalo jua liko mgongoni kwako. Mabao mawili kati ya matano ni ya kipindi cha kwanza. Jua halihami goli kukufuata wewe.

Tangu utoto wako nakujua: ukidanganya unachekesha. Barua yako ilinichekesha mara nne.

Jicho la kushoto lina nini?

Usiniandikie habari za Gurmit. Nijibu hilo moja.

Dada yako


Delhi
13 Desemba

Dada,

Salamu zako nimepokea. Naandika nikiwa nyuma ya choo cha shule, wasije wakasoma.

Tangu mvua za Julai lina ukungu. Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Sasa ni kama kutazama kupitia gilasi iliyokuwa na maziwa ikamwagwa bila kusuuzwa. Mtu namwona akiwa amesimama. Mpira ukija kutoka upande ule nauona umeshafika.

Hajui mtu. Gurmit labda, maana ameacha kunitania. Tafadhali, Dada, usimwambie Mama, usimwambie mtu yeyote. Imebaki mechi moja tu kufika nusu fainali, tarehe ishirini na moja. Najua baada ya hapo kuna daktari wa idara, anapima macho kwanza. Ubao wake ule wa herufi nimeukariri, mistari yote saba, kwenda na kurudi.

Unataka niseme nini? Nina miaka ishirini na mitatu. Nikiliacha goli sasa, narudi kukalia kigoda cha pili ubavuni kwako, na miaka yako kumi na tisa imekwenda bure.

Wewe ni mtu wa hesabu. Badala ya kunigombeza, nipigie hesabu. Nisimame wapi?

Tilak


Basti Nau
16 Desemba

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi pua imevimba, sababu utaiona.

Nilipima mtaani futi ishirini na nne, upana wa goli, nikaweka tofali huku na tofali huku, nikafunga jicho langu la kushoto kwa kitambaa, nikamwomba Mzee Melu anipigie mipira. Hakuuliza kwa nini, alifurahi mno kuacha birika. Siku ya kwanza alipiga hamsini, nikazuia kumi na tisa, mmoja kwa pua. Mke wa seremala akatoka mlangoni. "Lajo, umepata timu au umepata wazimu?" Nikamwambia bado nachagua. Siku ya tatu nikazuia thelathini na nne.

Sasa sikiliza. Usimame futi moja na nusu kushoto ya katikati. Usiutazame mpira uso kwa uso. Geuza kichwa mpaka pua ielekee mlingoti wa kushoto, jicho zima ndilo lishike uwanja. Mpira wa juu usiudake. Jicho moja halijui umbali, litakudanganya kila mara. Upige ngumi. Na mwombe beki wako wa kushoto asipande, mwambie unaumwa kifundo cha mguu. Uongo wa kifundo ni mdogo kuliko ulionao.

Nimekufundisha kama ulivyotaka. Sijapata amani. Kila mpira uliokuja upande wa kitambaa nilikuwa nafumba jicho zima kwa hofu, na mimi sikuwa golini kweli, sikuwa na mtu wa kunipiga teke.

Kuhusu jicho hilo kuna jambo natakiwa nikuambie. Nitakuambia ukirudi.

Dada yako


TELEGRAMU
Delhi, 21 Desemba, saa kumi na mbili jioni

TUMESHINDA MOJA BILA. NUSU FAINALI. PUA KWENYE MLINGOTI. TILAK


Basti Nau
23 Desemba

Tilak,

Salamu kutoka kwa kila mtu. Mama amegawa vitamu vya laddu nyumba thelathini na moja. Mzee Melu amenipa chai bure, mara moja. Karani wa Bwana Chadha alipita mwenyewe: nafasi kumi na moja zimekubaliwa, jina lako la kwanza kwenye orodha kwa kuwa wewe ni namba moja mgongoni. Daktari atawapima mkitoka nusu fainali, tarehe ishirini na nane.

Walipokuwa wanacheza ngoma mlangoni kwetu mimi nilikuwa nimepanda basi kwenda Kartarpur. Kuna kambi ya matibabu ya macho imefunguliwa kwenye uwanja wa shule, wazee mia sita kwenye foleni, kila mmoja na blanketi lake. Nilipofika mezani daktari akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko golini, Delhi," nikamwambia.

Akacheka. Nikamweleza, akaacha kucheka. Anasema huo ni mtoto wa jicho, na kwa kijana wa umri wako hautokani na uzee, unatokana na jeraha la zamani. Waweza kukaa miaka kumi na tano kimya, kisha ukaota. Ukiondolewa sasa, utaona kwa miwani mizito. Lakini mpira ukikupiga hapo kabla, kilichomo ndani kinaweza kupasuka, na jicho limekwenda, hakuna wa kulirudisha. Kisha akaniuliza jeraha lilitokana na nini.

Nilimwambia ukweli, Tilak. Mtu nisiyemjua jina ndiye wa kwanza kuusikia.

Si kijiti cha mchezo wa gilli kilichokuumiza, kama tulivyosema miaka yote. Haikuwa Kishori wa Mzee Melu. Ulikuwa na miaka saba, umekuja ubavuni kwangu kuomba uzi wa tiara. Nilikuwa nafunga mshono. Unajua tunavyovuta: sindano mbili, moja kila mkono, mikono inatanuka kwa nguvu zote ili uzi ukaze. Sikukuona. Sindano ya mkono wa kulia ilikukuta. Damu ilikuwa kidogo sana. Mama alipotoka jikoni mdomo wangu ukasema "gilli", na mtoto aliyekuwa na kijiti mkononi mtaani alikuwa Kishori. Mzee Melu alimchapa mwanawe mbele ya mlango wetu. Nilisimama nikatazama. Viboko tisa. Nilihesabu.

Hiyo ndiyo hesabu yangu. Kwa hiyo usiseme miaka yangu kumi na tisa itakwenda bure. Kumi na sita kati yake nilikuwa nalipa.

Usicheze nusu fainali. Ajira waache wapewe wengine. Nakuomba, na unajua mimi siombi.

Dada yako,
Lajwanti


TELEGRAMU
Jalandhar, 26 Desemba
Kwa Mwalimu Sodhi, timu ya mifereji, Delhi

JICHO LA KUSHOTO LA KIPA TILAK HALIONI. MPIRA UKIMPIGA ATAPOFUKA. MTOE. DADA YAKE


Basti Nau
29 Desemba

Tilak,

Hujambo? Jibu hata neno hilo moja.

Najua uliniambia nisitume telegramu. Niliituma kwa jina la Mwalimu mwenyewe, nikidhani ya kwake ataifungua. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo, nitalibeba. Nilijua nikiituma nafasi yako imekufa. Niliisimamisha kalamu posta mpaka aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Bibi, ni telegramu au ni wosia?"

Jana nilikuwa kwenye redio tangu saa saba. Wakasoma majina. "Golini, Tilak Raj." Nikajua haikufika, au imefika ikadharauliwa. Dakika arobaini na tano sikushona hata mshono mmoja. Dakika ya thelathini na nane mtangazaji akasema, "Mpira mkali, umempita kipa karibu na uso," redio ikakoroma, Mzee Melu akaipiga kofi, iliporudi walikuwa wanazungumzia kona. Kipindi cha pili kikaanza na jina la Gurmit. "Tilak Raj ametoka, sababu haijatangazwa." Tukafungwa moja bila dakika ya themanini na mbili. Wanaume wakalia. Mimi nilikuwa bado niko kwenye dakika ya thelathini na nane.

Watu walipoondoka nilimwambia Mzee Melu habari za Kishori. Zote. Alikaa. Alizima redio. Alichukua kitambaa, akafuta chaki yangu ukutani, mabao yote matano, polepole. Kisha akasema, "Yule mtoto aliniapia kwa jina la mama yake kuwa si yeye. Nikamwongeza viboko kwa kuapa." Akakung'uta kitambaa. Akasema tena, "Kishori yuko Delhi. Anatengeneza mashine za kupigia chapa. Nitampigia simu kutoka posta, akamtafute huyo ndugu yako."

Mama pia nimemwambia. Chakula ananipa, neno hanipi.

Umepigwa au hukupigwa?

Dada yako


Basti Nau
2 Januari 1975

Tilak,

Siku tano. Tarishi sasa akiniona anavuka barabara.

Mama jana alinisemesha. Aliuliza, "Bado?" Nikasema bado.

Kila mshono ninaoufunga naufungua. Mkandarasi amerudisha mipira miwili, haijawahi kutokea.

Kama umekasirika, andika umekasirika. Hata tusi ni barua.

Dada


Delhi
5 Januari 1975

Dada Lajo,

Nainama miguuni pako na pa Mama, kwa maneno tu, kwa sababu nimeamriwa nilale chali nisiinamie mtu kwa siku saba.

Mwandiko huu si wangu. Macho yote mawili yamefungwa bandeji. Anayeandika ni Kishori wa Mzee Melu. (Dada Lajwanti, salamu. Anasema niandike kila neno kama anavyolisema, hata upuuzi. Ndivyo ninavyofanya. K.)

Sikupigwa. Lianze hilo.

Barua yako ya Kartarpur nilipewa asubuhi ya mechi. Niliisoma nyuma ya choo, kisha nikavaa jezi. Usiniulize kwa nini. Nilitaka niisikie nusu fainali kwa miguu yangu. Dakika ya thelathini na nane mpira ukanipita shavuni. Haukunigusa, ila nilisikia upepo wake, na sikuwa nimeuona, Dada, hata kivuli. Mlingoti ndio uliuzuia. Jambo la kwanza lililonijia si jicho. Nilikuwaza wewe kwenye benchi lile, na wanaume kumi na wanane, ukilisikia kwa redio.

Mapumziko nikamwambia Mwalimu Sodhi: sioni upande wa kushoto, mweke Gurmit. Akanitazama. Akatia mkono mfukoni, akatoa telegramu yako. Alikuwa ameisoma tangu siku ile ilipofika. Aliwasomea hata wasaidizi wake, wakacheka. "Mwaka huu wapinzani wamebuni jipya," alisema. "Mama hafi tena, limekufa jicho." Sasa akaisoma mara ya pili, akakaa chini kwenye benchi, mtu mzima yule, akashika kichwa. Jumatatu alinileta hospitali mwenyewe, na blanketi ni lake. Wamenipasua Ijumaa.

Nafasi ya kumi na moja amepewa Gurmit. Alikuja kuniambia huku analia. Nikamwambia, "Wewe si ulisema upo? Basi kuwepo." Mwalimu anasema idara ikitaka mtu wa kufundisha makipa atanitaja. Si ahadi. Usiipigie hesabu.

Sasa lile la sindano.

Dada, nilikuwa na miaka saba, sikuwa na miwili. Nilikuwa natazama ncha yake ilivyokuwa inang'aa. Nilijua ni sindano. Ulivyosema "gilli" nami nikasema "gilli", kwa sababu ulikuwa umegeuka rangi na nilidhani ukilia wewe, hatuli. Miaka yote hii nilidhani unajua kwamba najua. Ukungu ulipoanza Julai, ajira ilikuwa hofu ya pili. Ya kwanza ilikuwa wewe. Unajua kuhesabu mno. Nilijua siku utakapolisikia jicho hili, hutachukua hata dakika moja kufika kwenye kile kigoda.

Kishori nimemwomba radhi, yako na yangu. (Mimi nimemwambia viboko vilikuwa saba, si tisa. Viwili vya mwisho baba alipiga mlango. Ila sitanii: kilichouma ni baba kutoniamini. Jana alinipigia simu kazini. Aliuliza baridi ya huku, akauliza bei ya chai, simu inakula pesa, kisha akaniuliza kama nimekula. K.)

Bandeji inatolewa Ijumaa, tarehe kumi, saa nne asubuhi. Daktari hasemi nitaona kiasi gani. Atainua vidole, nami nitaje ni vingapi. Nikifumba nawaza vidole tu. Usiku huwa ni vitano, mchana huwa hakuna.

Gurmit ameniachia mpira wa nusu fainali, waliuweka pembeni kwa sababu ulianza kuachia. Niko nao hapa tumboni. Nimehesabu kwa kidole kutoka kwenye valvu, moja, mbili, tatu. Punje ya dengu ipo, imekaza. Kilichokatika ni ukingo wa jirani yake, kama mishono minne hivi.

Panda treni ya Jumatano, ufike kabla ya Ijumaa. Mama asije, baridi ya huku si ya kikohozi chake. Njoo na nta, uzi na zile sindano mbili, uushone hapa kitandani ninaposubiri. Safari hii nitakaa mbele yako, si ubavuni.

Mdogo wako,
Tilak